Kabla ya kuongeza nywele, uliza zitatokaje

Mteja akikaa kwenye kiti changu na kunionyesha picha ya nywele anazozitaka, swali langu la kwanza humchekesha: "Na kuzitoa, atakutolea nani?" Wengi hawajaliwaza. Nimesuka na kushonea kwa miaka 14, na nywele nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibika siku ya kufumua. Ndiyo maana mimi huchagua njia nikianzia mwisho wake.

Nianze na kushonea, maana ndiyo kazi iliyonilea. Unasuka mistari ya chini, kisha unashona wivingi juu yake kwa sindano iliyopinda na uzi. Mistari ikazwe kiasi cha kushika tu. Mteja akishindwa kuinua nyusi, au vijipele vikaota kwenye paji la uso, umekaza mno, na dawa za maumivu si jibu. Fumua mstari huo usuke upya. Nywele za mbele na zile za kando ya masikio ni laini, zikivutwa muda mrefu huanza kuisha taratibu, na vinyweleo vikishakufa hazioti tena. Mimi huziacha nje au nazisuka kwa ulegevu, bila kuzibebesha uzito wa wivingi.

Wiki 6 hadi 8 zatosha. Kutoa kwake hakuhitaji dawa yoyote, unahitaji mkasi mdogo wenye ncha, mwanga mzuri na subira. Hapo kwenye mwanga nina deni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafumua jioni, uzi mweusi kwenye nywele nyeusi, nikaingiza mkasi pasipo kuona vizuri. Uzi ukikatika hutoa mlio mwembamba mkavu. Nikasikia mlio mwingine, mzito kidogo, kama wa kukata majani mabichi, na mstari mzima ukabaki kiganjani mwangu. Nilimwonyesha yule dada. Alinilipa, akafunga kitambaa, hakurudi tena. Tangu siku ile nashonea kwa uzi wa kahawia hata kama kichwa ni cheusi tii. Ukivaa hauonekani, lakini ukiinua wivingi kidogo macho yanautambua mara moja. Kata uzi upande wa wivingi, usiukate upande wa kichwa, kisha uvute polepole mpaka ushonaji uachie wenyewe.

Krosheti ni ndugu yake: mistari ileile, ila nywele hupitishwa kwa sindano ya ndoano na kufungwa fundo. Kuvaa ni haraka. Kufumua, kata nywele za bandia chini kidogo ya fundo ili usibaki na kitu kirefu cha kuvuruga, halafu toa mafundo moja moja.

Gundi ya kubandika wivingi ndiyo inayoniudhi. Ni rahisi mno kuweka, basi watu hujibandikia wenyewe moja kwa moja kwenye nywele, na siku ya kutoa wanavuta kama wanabandua plasta. Kinachobanduka ni wivingi pamoja na nywele zako. Ukiitaka lazima, vaa kwanza kofia ya wavu juu ya mistari na ubandike kwenye kofia. Gundi nyingi za aina hii zina mpira asilia ndani yake, na wapo watu ambao miili yao huukataa: weka tone nyuma ya sikio, usubiri siku 2 kabla ya kuipaka kichwani. Kama tayari umeshabandika kwenye nywele, lowesha mstari wa gundi kwa dawa ya kuyeyushia au mafuta, kaa nayo nusu saa, kisha ukunje wivingi kuanzia pembeni kidogo kidogo. Ikigoma, ongeza mafuta. Usiongeze nguvu.

Tepu, yaani vipande vya nywele vyenye ukanda wa gundi, inafaa zaidi nywele nyembamba zilizonyooka, kwa sababu ni bapa na hugawa uzito. Vipande 2 hubana kati yao tabaka jembamba la nywele zako. Tabaka likiwa nene, gundi za pande mbili hazikutani na tepu itateleza. Usioshe kichwa kwa siku 2 za mwanzo, na mafuta na kondishena viishie kwenye urefu wa nywele, visifike kwenye mashina, maana mafuta ndiyo adui wa tepu. Siku ya kutoa, adui huyohuyo anakuwa rafiki: pulizia dawa ya kutolea, yenye mafuta au alkoholi, kwenye mshono wa vipande viwili, subiri dakika chache, vitaachana. Gundi inayobaki hunata kama ubani, kwa hiyo pitisha dawa tena na chanuo la meno membamba kabla ya shampuu. Nywele zilizojikunja sana hazishiki tepu vizuri bila kunyooshwa mara kwa mara kwa pasi, na moto huo una gharama yake. Mwenye kipilipili namrudisha kwenye mistari.

Keratini, yaani vishungi vya nywele vyenye gundi ya keratini kwenye ncha, hukaa muda mrefu kuliko zote hizi, miezi 3 hadi 4. Kishungi kimoja kimoja huyeyushwa kwa moto na kushikizwa kwenye nywele zako. Hii usiitoe mwenyewe nyumbani. Fundi hudondoshea kila ncha dawa ya alkoholi au asetoni, huiminya kwa koleo dogo mpaka ipasuke na kuwa ungaunga mweupe, ndipo huteleza. Vichwa vyenye ncha zaidi ya 100 si ajabu, sasa piga hesabu ya saa. Na asetoni hushika moto, kwa hiyo drayeri na pasi vikae mbali.

Vipete, yaani pete ndogo za kubania vishungi kwenye nywele zako, havina gundi wala moto. Kukitoa, kipete kilichobanwa bapa hubanwa tena upande wa pili kikawa duara, kisha kikateremshwa. Kwenye nywele nyembamba sana huvuta, mimi sivipendi hapo. Klipu sina mengi: chana kinyume kidogo kwenye shina zipate pa kushika, na uzitoe zote kabla ya kulala.

Njia yoyote uliyotumia, kuna dakika moja baada ya kutoa inayoamua kila kitu. Pale mstari ulipoanzia utakuta kikoko cha kijivu, mchanganyiko wa vumbi, mafuta na nywele zilizokufa. Usikilowanishe! Maji hukifanya kikazane kama sufi. Paka mafuta au kondishena, kipasue kwa vidole, chana kuanzia ncha kupanda juu, na mpaka chanuo lipite bila kukwama ndipo uende kwenye maji.

Chanuo litajaa nywele na mteja ataniangalia kwa hofu. Kichwa hudondosha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku, na kwa wiki 8 zilizokuwa zimefungwa hazikuwa na pa kuangukia. Hufika elfu kadhaa. Namwambia achukue chache aziweke kwenye karatasi ya rangi nyingine. Zenye kidoa cheupe mwishoni zimetoka kwa wakati wake. Zikiwa nyingi ni vipande vifupi visivyo na kidoa, zimekatika, na mteja huyo simwekei kitu mwezi huo hata akinibembeleza.