Picha zikae kwenye mistari: jarida la safu mbili kwa Scribus

Napanga kurasa kwa Scribus, programu ya kompyuta ya kazi hiyo, hapa Mwanjelwa, Mbeya: vipeperushi, ratiba za ibada, na jarida la wakulima wa viazi, A4 ya safu mbili. Toleo la kwanza nilimpa mama mmoja wa Umalila alipitie kabla halijachapwa. Akalitazama kwa mbali, akasema, "Mwanangu, matuta yako mbona yamepinda?"

Kweli yalipinda. Kuanzia chini ya picha, mistari ya safu ya kushoto ilikuwa imepishana na ya kulia. Picha nilikuwa nimeiweka kwa kimo chochote kilichokuja.

1. Tandika gridi, yaani mistari ya msingi ambayo miguu ya herufi itakalia. Herufi zangu ni Liberation Serif ya pointi 10, nafasi ya mistari pointi 12. Kwanza badili kizio cha waraka kiwe pointi. Pointi 12 ni milimita 4.23, na desimali hizo zitakutesa. Kisha kwenye mipangilio ya waraka, sehemu ya miongozo, weka mstari wa msingi kila pointi 12, wa kwanza ukae pointi 40 kutoka juu ya ukurasa.

2. Funga maandishi kwenye gridi. Fanya hivyo ndani ya mtindo wa aya, yaani mpangilio mmoja unaotumika kwa aya zote za aina hiyo, usiende aya moja moja. Vichwa vya habari vipe pointi 24, yaani mistari miwili kamili.

Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Gridi inashika herufi, haishiki picha. Mistari itanyooka, lakini picha itaelea: juu pengo dogo, chini pengo kubwa, na jicho litaona tu kwamba kuna kitu hakijatulia.

3. Piga hesabu ya kimo. Hapa usiwe na haraka. Ukingo wa chini wa picha ukae juu ya mstari wa msingi. Ukingo wa juu ulingane na vichwa vya herufi kubwa za safu ya jirani, usiende hadi kwenye mstari wa msingi ulio juu yake. Kuza ukurasa hadi asilimia 400, chora fremu ndogo kutoka mguu wa H hadi kichwa chake, usome kimo. Yangu ni takriban pointi 6.6.

Nikitaka picha ichukue mistari 12, kuna nafasi 11 katikati:

11 × 12 + 6.6 = pointi 138.6

Ukiandika 144, yaani 12 × 12, picha itachungulia juu ya jirani zake kwa pointi 5.4. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

4. Iweke mahali pake. Kwenye dirisha la sifa, chagua kona ya chini kushoto iwe ndiyo ya kupimia, halafu andika Y iwe mojawapo ya mistari: 40 jumlisha 12 mara kadhaa. Mimi niliweka 400. Sasa hata ukibadili kimo, mguu wa picha hausogei.

5. Kata, usivute. Picha isipoingia kwenye fremu, ikuze kwa uwiano wake na upunguze pembeni. Gunia la viazi lililonyooshwa kama mwanzi halimdanganyi mkulima.

6. Maelezo ya picha. Yakiwa mstari mmoja, yafunge kwenye gridi, basi. Yakiwa marefu, herufi za pointi 8 kwa nafasi ya 12 zinaachana mno. Tumia nafasi ya 9. Mistari 4 ya namna hiyo inakula pointi 36, sawasawa na mistari 3 ya maandishi ya kawaida. Acha mstari mmoja mtupu kabla habari haijaendelea.

7. Kagua kwa mwanga. Chapa karatasi moja pande zote mbili, uishike dirishani. Karatasi zetu nyepesi zinaonyesha mgongo, kwa hiyo mistari ya nyuma ijifiche nyuma ya ile ya mbele. Ikitokeza katikati ya mistari, angalia kwanza kama printa imesogeza karatasi, ndipo urudi kwenye gridi. Siku za mawingu natumia tochi ya simu.