Kuwaamsha viumbe wa maji waliolala kwenye udongo mkavu wa silanga

Silanga, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua, likikauka kandokando ya Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, hubaki udongo uliopasukapasuka. Humo mna mayai ya kamba wadogo na ya ostrakodi (jamaa wadogo wa kamba wenye gamba la vipande viwili), na rotifa (wanyama wa maji wadogo mno, wa kutazamwa kwa hadubini) waliokauka wakiwa hai. Wanastahili kutazamwa kwa makini, na vifaa vyake ni vichache.

1. Chota udongo. Omba ruhusa kwa wenye silanga. Chukua sentimita 2 za juu, pale panapokauka mwisho. Tia kwenye bahasha ya khaki, kwa kuwa plastiki hushika unyevu ukaota ukungu. Andika mahali na tarehe.

2. Loweka. Vunja mabonge kwa vidole. Ukitwanga utasaga mayai. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji ya mvua, ndani ya beseni jeupe. Maji ya mfereji yenye klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Weka beseni penye mwanga lakini si juani, kwenye nyuzi 25 hivi, kwani mayai mengi ya kamba hawa hayaanguliwi gizani.

3. Tazama. Anza na rotifa baada ya saa chache. Wale wa kundi la bideloidi hawahitaji hata yai: mnyama mwenyewe hujikunyata akakauka, maji yakimfikia hujinyoosha na kuanza kula. Leeuwenhoek, Mholanzi aliyetengeneza hadubini zake mwenyewe, aliliona jambo hili huko Delft mwaka 1702. Vuta tone karibu na udongo, litazame kwa hadubini ukikuza mara 100. Kichwani kuna vinyweleo vinavyopigapiga kwa zamu, hata ungeapa ni magurudumu mawili yanazunguka. Shuka chini kidogo: mwili unapenyeza mwanga, na taya utaziona zikisaga.

Kuanzia siku ya pili, mulika tochi ubavuni mwa beseni usiku. Watoto wa kamba watajikusanya kwenye mwanga. Wakikua huogelea chali.

4. Maji yasinywewe. Saiklopi, jamaa mdogo wa kamba aishiye madimbwini, ndiye abebaye mabuu ya mnyoo wa Guinea, mnyoo anayemwingia mtu kwa maji ya kunywa. Kenya ilithibitishwa kuwa huru na mnyoo huyo mwaka 2018, lakini maji ya silanga bado ni ya kuchujwa na kuchemshwa.

5. Kausha, loweka tena. Wengi hutupa udongo mapema mno. Mvua ya kwanza jangwani mara nyingi hudanganya: dimbwi hukauka kabla kamba hawajataga. Kwa hiyo sehemu ya mayai hubaki imelala hata ikilowa. Acha beseni likauke polepole, ngoja wiki kadhaa, kisha rudia hatua ya pili kwa udongo uleule na uhesabu wanaotoka safari hii.