Siku Moja kwa Pikipiki Kisiwani Pemba: Kutoka Chake Chake hadi Ras Kigomasha

Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita zipatazo 67, na wageni wengi wakiitazama ramani hudhani kwamba siku moja yatosha kukimaliza chote, toka Mkoani, mji wa kusini, hadi Kigomasha kaskazini. Nakushauri usijaribu. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, barabara zake hupita mbele ya vibaraza vya watu, na anayekimbiza pikipiki hapa huyapita yale yale aliyoyafuata. Kwa hiyo somo hili linafuata upande wa kaskazini peke yake, kwa msomaji anayejua kuendesha na mwenye leseni. Anayetoka nje ya Tanzania ashughulikie kibali cha kuendesha kabla ya siku ya safari.

Hatua ya 1: Kagua pikipiki kabla ya kuikodi. Jaribu breki ya mbele na ya nyuma, tazama kama kashata za matairi bado zipo, kisha ibonyeze cheni katikati kwa kidole. Ikicheza sana, omba ikazwe. Jaza tangi mjini Chake Chake, maana mbele ya safari huenda ukategemea petroli ya chupa ya dukani.

Hatua ya 2: Ondoka saa moja asubuhi uanzie Kidike, nje kidogo ya barabara kuu kaskazini mwa Chake Chake. Hapo hulala popo wakubwa wa Pemba, aina isiyopatikana kwingine popote duniani, wakining'inia kwenye miti mirefu huku wamejifunika mbawa zao. Zima injini mbali, usogee kwa miguu.

Hatua ya 3: Endesha kuelekea Konde kwa mwendo wa kuwaheshimu wenye njia. Katika msimu wa karafuu utaona majamvi yametandazwa kando ya lami, na harufu itakufikia kabla hujayaona. Mwaka mmoja nililikwepa gari la ng'ombe kwa pupa, tairi la nyuma likapanda ukingo wa jamvi, karafuu zikatawanyika mchangani. Nilisimama, nikamwomba radhi mama mwenye mali, nikachutama naye tukaziokota moja moja. Alinionesha namna ya kuijua iliyokauka: ukiivunja hukatika kwa mlio, wala haipindi. Kile nilichokuwa nimekanyaga ni kazi ya siku nyingi, tangu kuukwea mkarafuu, kuchuma, kuchambua makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu), hadi kuanika na kuanua kila wingu linapotanda. Tangu siku hiyo, nikiona jamvi hupunguza gia mapema.

Hatua ya 4: Ingia Msitu wa Ngezi, uliopo baada ya Konde. Lipa kiingilio getini, uchukue mwongozaji na utembee naye. Msitu mkubwa wa namna hii ulienea sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa kabla ya kufyekwa kupisha mashamba ya mikarafuu katika karne ya 19, na hapa ndipo palipobaki kipande chake kikubwa. Mwombe akuoneshe mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba.

Hatua ya 5: Baada ya msitu, njia ya kwenda pwani ya Vumawimbi ina mchanga. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, tumia gia ya pili, tazama mbali badala ya kulitazama tairi, na usiiguse breki ya mbele. Pikipiki itayumba, iache iyumbe, wewe endelea na mafuta kidogo kidogo. Ukiwa na muda, songa hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini.

Hatua ya 6: Geuza saa tisa alasiri, ujaze upepo Konde, urudi kupitia Wete. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili u nusu, na usiku barabarani kuna ng'ombe na baiskeli zisizo na taa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Asalaam aleikum, mwalimu. Je, mwezi wa nne unafaa?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Haufai, kwa sababu masika huwa yamekolea na njia za udongo huteleza kama sabuni. Njoo kati ya mwezi wa saba na wa tisa, ukutane pia na karafuu.

Mwanachama wa Mombasa: Naweza kumpakia mke wangu?

Jibu: Waweza, kaka, mradi kila mmoja awe na kofia yake ngumu. Kwenye mchanga wa Vumawimbi mwombe shemeji ashuke atembee. Uzito wa nyuma ndio unaolizamisha tairi.

Mwanachama wa Dodoma: Ikiwa ni Ijumaa, nipange vipi?

Jibu: Fika Konde kabla ya saa sita, ununue maji na chakula, kwani maduka mengi hufungwa wakati wa sala, na barabara karibu na misikiti hujaa watu. Ikiwa ni Ramadhani, beba chakula chako na usile hadharani. Nyakati zote mbili, nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Ukipita vijijini jistiri mabega na magoti.