Kikombe chako kina gramu ngapi? Pima mara moja uache kubahatisha

Mwaka juzi niliharibu keki ya kipaimara ya mtoto wa dada angu, sababu ni kikombe tu. Maelekezo yalisema unga vikombe 3, mi nikabeba kile kikombe changu cha bati cha kunywea uji asubuhi, kumbe kinaingiza karibu ml 400, mayai na siagi nikaweka kama ilivyoandikwa, jamani ilitoka tofali la kuchoma, watoto wenyewe waliikimbia.

Sasa iko hivi. Kikombe cha mapishi ni ml 240 hadi 250, sio kikombe chochote kilichopo kabatini. Kukipata ni rahisi, chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, mimina kwenye kikombe chako, kikijaa mara mbili na chupa ikaisha basi ndo chenyewe hicho. Usipokipata chukua kikombe kikubwa cha plastiki, mimina nusu ya chupa, chora mstari na maka peni pale maji yalipofika.

Mzani huna? Nunua pakiti ya sukari kilo 1 iliyofungwa kiwandani, sio ile ya kupimiwa dukani, halafu mimina kikombe kimoja kimoja huku unahesabu. Utapata kama 5, maana yake kikombe ni gramu 200. Fanya hivyohivyo na unga wa ngano, hapo utapata 8 au pungufu kidogo, yaani gramu 125 hivi. Umeona? Kikombe kilekile ila uzito tofauti, ndo maana ukimuuliza mtu "kikombe ni gramu ngapi" na yeye lazima akuulize cha nini. Andika namba zako kwenye karatasi bandika ukutani. Kuanzia hapo ukikutana na unga gramu 500 unagawa kwa 125, vikombe 4, imeisha.

Unga ndo mtihani wenyewe lakini. Ukichota kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko unashindiliwa, unaweza kufika gramu 150, kwenye vikombe vinne umeshazidisha gramu 100 bila kujua. Chota na kijiko, dondoshea taratibu kikombe kijae mpaka kilele, halafu fyeka juu na mgongo wa kisu. Usikigongegonge mezani.

Vijiko vya kupimia havina shida, cha chakula ml 15, cha chai ml 5, chumvi laini kijiko cha chai ni kama gramu 6.

Kwa wanaonunua nafaka sokoni Majengo, sado ni lile kopo la rangi la lita 4, mahindi yakijaa bila mlima ni karibu kilo 3, karanga zilizobanguliwa zinapungua hapo, kama kilo 2 na nusu. Debe ni lita 20, kwahiyo sado 5 za kufyeka. Wenye mkono mzuri wanakuwekea na mlima, ila ukipiga hesabu zako usiutegemee.

Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, lita 1 ni kama gramu 920. Asali ndo kinyume, lita 1 inafika kama kilo 1.4, kwahiyo ukinunua asali ya Manyoni, kabla hujaanza kupatana bei muulize kwanza anauza kwa kilo au kwa lita.