Namna ya Kuandaa Utafiti wa Mivunjiko Wazi ya Muundi

Mwongozo huu ni wa daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji wa mifupa, pamoja na muuguzi au mtaalamu wa mazoezi tiba anayefanya naye kazi, ambaye ametakiwa kuandaa utafiti kuhusu wagonjwa waliovunjika muundi, yaani mfupa mkubwa wa goko, huku ngozi ikiwa imechanika. Muundi hauna nyama upande wa mbele. Umefunikwa na ngozi tu, na ndiyo maana unapovunjika huchomoza kirahisi, huingiwa na uchafu wa barabarani, kisha huchelewa kuunga. Wodi za hospitali zetu zimejaa vijana wa bodaboda wenye jeraha hili, na wagonjwa wa kutosha utafiti wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni habari zao baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa hiyo ni heri upange kazi yako kuanzia mwisho: jua kwanza utampataje mgonjwa baada ya mwaka mmoja, ndipo urudi nyuma kuandika swali.

Mwaka mmoja si anasa. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, mfupa huhesabiwa kuwa haukuunga iwapo imepita miezi tisa tangu ajali, na picha za miezi mitatu ya mwisho hazionyeshi maendeleo yoyote. Anayefunga daftari lake mwezi wa tatu kwa sababu tarehe ya kuwasilisha tasnifu imefika hana haki ya kusema lolote kuhusu kutounga. Anaweza kuzungumzia maambukizi ya mapema na kupona kwa kidonda, na hilo nalo ni swali halali, mradi liandikwe hivyo tangu kwenye itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa kabla ya kuanza.

Swali lenyewe liwe jembamba. Mfano mzuri upo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambako watafiti walilinganisha chuma kinachopitishwa ndani ya uboho na vyuma vya kushikilia mfupa kutokea nje ya ngozi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliandikishwa wagonjwa 240, na 221 kati yao, asilimia 92, walifuatiliwa hadi mwaka mmoja. Kigezo kikuu kilikuwa kifo, au kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya maambukizi ya ndani, mfupa kutounga, au kuunga ukiwa umepinda. Matukio hayo yalipatikana kwa asilimia 18.0 ya waliowekewa chuma cha ndani na asilimia 21.8 ya wenye vyuma vya nje, tofauti ambayo ingeweza kuletwa na bahati tu. Tazama jinsi kigezo hicho kilivyochaguliwa: kurudishwa chumba cha upasuaji ni tukio ambalo mgonjwa analikumbuka na hospitali inaliandika. Ukichagua badala yake "maendeleo mazuri kwa maoni ya daktari," utakuwa umejipimia mwenyewe mtihani na kujisahihishia.

Hesabu ya idadi ya wagonjwa ifanywe kabla ya kuomba kibali, na isichukuliwe kama sala ya kukamilisha ibada. Tuseme matatizo hutokea kwa asilimia 20 ya wagonjwa wa matibabu ya kawaida, nawe unaamini matibabu mapya yatayashusha hadi asilimia 10. Kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo, na kiwango cha kosa cha asilimia 5, utahitaji wagonjwa wapatao 196 kila kundi. Ukiongeza nafasi ya asilimia 10 watakaopotea, ni takriban 218. Lakini kama unatarajia kushuka hadi asilimia 15 tu, idadi inapaa hadi zaidi ya 900 kila kundi, na hakuna mwanafunzi atakayewapata hao peke yake katika miaka miwili. Hapo ama uunganishe hospitali kadhaa, ama ubadilishe swali, ama uandike kwa unyoofu kwamba unafanya utafiti wa maelezo usiokusudia kulinganisha tiba.

Baada ya hapo huja upangaji wa jeraha katika madaraja. Mfumo wa Gustilo na Anderson wa mwaka 1976, ulioongezewa migawanyo ya daraja la tatu, lile la majeraha mabaya zaidi, mwaka 1984, ndio unaojulikana kila mahali, lakini madaktari wawili wanaotazama jeraha moja hutofautiana mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Daraja lisiandikwe mapokezi. Liandikwe chumba cha upasuaji, baada ya kidonda kuoshwa na nyama iliyokufa kuondolewa, kwa sababu tundu dogo la ngozi laweza kuficha misuli iliyosagika na udongo uliojipenyeza mbali. Piga picha ya kidonda kikiwa na rula pembeni, ili mtu wa pili aweze kulipanga upya bila kujua wa kwanza aliandika nini.

Namna ya kuosha nayo iwekwe sawa kwa wote. Jaribio kubwa la kimataifa lililotoa matokeo mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,447, lilionyesha kwamba nguvu ya msukumo wa maji haikubadilisha idadi ya waliorudiwa upasuaji, ilhali maji ya sabuni yalifanya vibaya kuliko maji ya chumvi ya kawaida. Basi tumia maji ya chumvi, uandike lita ngapi. Andika pia saa ya ajali, saa ya dozi ya kwanza ya antibiotiki na saa ya kuingia chumba cha upasuaji. Amua mapema utamfanya nini mgonjwa aliyepitia kwanza kwa muunga mifupa wa kienyeji na kufika kwako siku ya sita. Kumwingiza au kumwacha vyote vinakubalika, ila kuamua baada ya kuona matokeo yake hakukubaliki.

Kama unagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, mgao ufichwe kwelikweli: bahasha zisizopenya mwanga, zenye namba za mfululizo, zilizofungwa na mtu asiyehusika na matibabu, au simu kwa mtu aliye nje ya wodi. Kugawa kwa siku za wiki au kwa namba ya jalada si bahati nasibu, maana daktari wa zamu hujua anayekuja ataangukia wapi na anaweza kumsogeza. Mpasuaji hawezi kufichwa alichokifanya, wala mgonjwa mwenye "antena", yaani vyuma vya nje, mguuni. Anayeweza kufichwa ni msomaji wa picha, iwapo utamwonyesha sehemu ya mvunjiko ambayo haimwambii mengi kuhusu tiba iliyotumika.

Kwa picha za eksirei, tumia alama za RUST, zinazopima mfupa wa muundi umeunga kiasi gani: kuta nne za mfupa, mbili katika picha ya mbele na mbili katika picha ya ubavu, kila ukuta ukipewa 1 hadi 3, jumla ikiwa 4 hadi 12. Kwa maambukizi, fuata makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018, ambayo huhesabu kuwa uthibitisho usaha unaotoka, tundu lililofika kwenye mfupa au chuma, au kijidudu kilekile kuoteshwa kutoka vipande viwili tofauti vya nyama ya ndani. Kwa wagonjwa wa mfupa wa paja, kuna kipimo cha kumtaka mgonjwa achuchumae na kutabasamu, uso wake ukionyesha kama anaumia, kilichopimwa Dar es Salaam. Nakipenda, kwani choo cha kuchuchumaa ndicho mtihani halisi wa nyumbani, ila usikihamishie kwenye muundi bila kukipima kwanza.

Kibali cha maadili hutolewa na kamati ya chuo au hospitali, na kwa Tanzania Bara kile cha kitaifa hutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jaribio la dawa au kifaa tiba hupitia pia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya utahitaji kamati iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Jaribio lisajiliwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ridhaa ya mtu mwenye maumivu makali, aliyefika usiku bila ndugu, ni ngumu: mtulize maumivu kwanza, mweleze kwa Kiswahili chepesi, na asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Kesho yake rudi umuulize tena.

Sasa ufuatiliaji, ambao ndio utafiti wenyewe. Namba moja ya simu haitoshi, kwani kijana wa bodaboda hubadilisha laini kama anavyobadilisha kijiwe. Kwa idhini yake, chukua namba tatu: yake, ya mtu anayeishi naye, na ya mtu wa kijijini kwao asiyehamahama, kama mama au mjomba. Andika jina la kijiwe chake na la mwenyekiti wa mtaa. Zipige namba zote kabla hajatoka wodini. Nauli ya kuja kliniki iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, maana anayekosa kuja mara nyingi amekosa nauli, au amepona na yuko kazini, au ameambukizwa na amekata tamaa na hospitali. Makundi hayo matatu hayafanani, na kuyaita yote "waliopotea" kunaficha jibu ulilolitafuta. Mpigie siku tatu kabla ya miadi, si asubuhi yake.

Wakati wa kuchambua, kumbuka kwamba mtu aliyevunjika miguu yote miwili ni mgonjwa mmoja: ama uchague mguu mmoja kwa kanuni iliyoandikwa mapema, ama utumie hesabu inayotambua kwamba miguu hiyo inagawana damu, sukari na sigara zilezile. Kila mgonjwa abaki katika kundi alilopangiwa hata kama tiba ilibadilishwa mezani. Kisha chora mchoro wa safari yao, kuanzia waliofika hospitalini hadi waliofikia mwezi wa kumi na mbili, kwa kila kundi peke yake, ukiandika pembeni sababu ya kila aliyetoka njiani na tarehe aliyoonekana mara ya mwisho.