Kabla ya Kulipia Shahada ya Uuguzi ya Muda Mfupi Marekani
Ikiwa tayari una shahada ya fani nyingine na unataka kuingia katika uuguzi Marekani kwa programu ya miezi 12 hadi 18, anza na tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo lako, kwani bodi nyingi huchapisha asilimia ya wahitimu wa kila chuo waliofaulu NCLEX-RN, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, kwa mara ya kwanza, na takwimu hiyo ina uzito kuliko vipeperushi vyote. Hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayothibitisha ubora wa programu za uuguzi. Kinachowaumiza wengi ni masomo ya awali yanayotakiwa kabla ya kujiunga: baadhi ya vyuo havikubali anatomia au mikrobiolojia iliyosomwa zamani, na kuyarudia huongeza ada. Ulizia kwa maandishi, kabla ya kulipa chochote, nani atakutafutia hospitali ya mafunzo kwa vitendo.