Jinsi ya kuomba cheti cha bastola Uganda, na la kufanya ukifika nayo mlangoni mwa watu

Kama hujatimiza miaka 25, subiri: Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 haikuruhusu. Aliyetimiza aanzie mtaani kwake, si Naguru, makao makuu ya polisi Kampala.

Mwandikie barua Inspekta Jenerali wa Polisi ueleze kwa nini unataka silaha. Hapa ndipo maombi mengi hulegea. "Nataka kujilinda" husemwa na kila mtu. Taja hatari yenyewe: duka la fedha taslimu unalofunga usiku, au vitisho ulivyokwisha kuripoti, pamoja na namba ya SD (kitabu cha matukio cha polisi) uliyopewa kituoni.

Barua hupanda ngazi: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wa unakoishi (si kijijini kwenu), GISO (ofisa usalama wa kata), DISO (ofisa usalama wa wilaya), DPC (kamanda wa polisi wa wilaya), kisha RDC (mkuu wa wilaya anayemwakilisha rais). Usiruke hata mmoja, na usiondoke bila mhuri. Majina yafanane na kitambulisho cha taifa herufi kwa herufi. Tofauti ndogo tu hurudisha faili mwanzo. Ambatisha picha za pasipoti, ripoti ya daktari inayogusa afya ya akili, na cheti cha tabia njema cha Interpol. Ada hulipwa benki kwa PRN, yaani namba ya malipo, ya mamlaka ya mapato URA. Anayetaka noti mkononi "ili faili litembee", achana naye.

Cheti hutaja silaha na idadi ya risasi, na hudumu mwaka mmoja. Kikiisha, hata bastola iliyo kwenye sefu inakuweka hatiani.

Sasa mlangoni. Cheti ni cha kumiliki. Hakimlazimishi mwenye duka, benki au nyumba kukupokea na silaha. Tangu mabomu ya Kampala ya Julai 2010, kupekuliwa langoni ni jambo la kawaida. Mwambie mlinzi kabla hujapita kwenye kigunduzi cha chuma, mikono ikionekana, wala usiichomoe kumwonyesha. Wakiwa na kabati la silaha, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, mdomo ukielekea pasipo na watu. Namba ya bastola na hesabu ya risasi ziandikwe kitabuni, utie sahihi. Ukitoka, hesabu tena mbele yake. Wakikataa, ondoka. Ukibishana unageuka mvamizi, na polisi wakiitwa cheti chenyewe kinaweza kukuponyoka.

Kuiacha kwenye gari ni kumtunzia mwizi. Ikipotea, ripoti siku hiyohiyo.